SIMU YAKO NI HURU, WEWE JE?



Katika mikutano yetu twapiga kelele sana juu ya nyongeza ya mshahara, na hiyo ni haki yetu. Lakini uko mlango wa nyuma ambao mshahara hupitia kila siku kwenda zake, na hakuna anayeulinda. Mlango huo ni simu ya mkononi. Asubuhi shilingi ishirini, mchana kumi, jioni hamsini za mkopo, na mwisho wa mwezi mtu ashika kichwa na kuuliza fedha zimekwenda wapi.

Wako wenzetu wasemao kwamba mambo ya bando si mambo ya chama. Wasema chama ni cha mishahara, likizo na fidia ya ajali, na mtu na simu yake ni shauri la mfuko wake. Mimi napinga neno hilo tangu mwanzo. Nyongeza ikiingia katika mfuko uliotoboka, ni nani aliyeongezwa? Chama chenye kudai shilingi mia kwa mwajiri, kisha kikawatazama wanachama wake wakizitupa mia hizo hizo kwa kutojua hesabu, kimefanya nusu ya kazi.

KWANZA, JE, SIMU YAKO NI HURU KWELI?

Sisi watu wa reli tunaelewa jambo hili upesi kuliko wengine. Reli yetu ya zamani ina upana wa milimita 1,000. Reli mpya ya SGR, iliyoanza kuchukua abiria baina ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, ina upana wa milimita 1,435. Injini ya moja haiwezi kupita juu ya nyingine, hata ikiwa na nguvu namna gani. Simu iliyofungwa mtandao ni kama injini hiyo: imetengenezwa ipite njia ya kampuni moja tu. Simu huru hupokea laini ya kampuni yo yote.

Hapa Kenya simu nyingi za dukani ni huru. Hatari iko katika simu zilizotumika, zile tunazoletewa na jamaa walioko ng'ambo au tunazonunua kwa bei ya chini mjini. Uingereza ilikataza makampuni kuuza simu zilizofungwa mtandao tangu Desemba 2021, kwa hiyo simu ya kabla ya hapo yaweza kuwa imefungwa. Marekani nako simu nyingi zauzwa kwa mkataba, na hazifunguliwi mpaka mkataba utimizwe. Basi usitoe fedha kabla ya kutia laini mbili za makampuni mbalimbali, moja baada ya nyingine, na kupiga simu kwa kila moja mbele ya muuzaji. Ikiomba namba ya kufungulia, mrudishie na uondoke. Maneno ya muuzaji hayafungui simu.

Iko na kufuli ya namna ya pili, nayo ndiyo inayotuumiza zaidi. Ni ile simu ya mkopo inayolipwa kila siku, na siku usipolipa inajifunga. Tuseme simu ambayo bei yake taslimu ni shilingi 12,000. Wewe watoa 2,000 za kwanza, kisha shilingi 50 kila siku kwa siku 365. Hizo 50 peke yake ni shilingi 18,250. Pamoja na zile za kwanza umelipa 20,250 kwa kitu cha 12,000. Na siku mshahara ulipochelewa, simu imelala, msimamizi anapiga kukuita zamuni hakupati, na wewe waandikwa mtoro. Baba zetu walivikwa kipande shingoni ili mwajiri ajue walipo. Sisi twanunua kipande chetu wenyewe, na kwa mkopo!

Sisemi kwamba mtu asikope kamwe. Nasema afanye hesabu nzima kabla ya kutia sahihi, na kama chama cha akiba na mikopo cha kazini kwake chaweza kumkopesha bei taslimu kwa riba ndogo, basi akope huko, anunue simu huru, na deni lake liwe kwa wenzake.

PILI, UHURU USIOTUMIWA HAUNA FAIDA

Sasa nasema na wewe ambaye simu yako ni huru. Ina nafasi mbili za laini, nawe watumia moja tu miaka yote, kama mtu aliyefunguliwa mlango wa gereza akabaki ndani kwa sababu amezoea kitanda. Ukiulizwa, wajibu, “Namba yangu yajulikana na watu wote, na fedha zangu ziko M-Pesa.”

Sababu hiyo si ya uongo. M-Pesa ilianzishwa na Safaricom mwezi wa Machi 2007, na imekuwa benki ya watu wasio na benki. Tangu mwaka 2011 sheria inamruhusu mtu kuhama kampuni na namba yake ile ile, lakini huduma ya M-Pesa haihami pamoja naye. Hapo ndipo wengi walipokwama. Lakini nani aliyekwambia uhame? Bakiza laini yako ya zamani iwe ya kupokea simu, kwa maana kupokea hakulipwi, na iwe ya fedha. Katika nafasi ya pili tia laini ya kampuni nyingine yenye data ya bei nafuu mahali unapokaa. Kisha ingia katika mipangilio ya simu uchague data ipite laini ya pili. WhatsApp yako itaendelea na namba yako ya zamani, na hakuna rafiki atakayejua kwamba umebadili kitu cho chote. Mkoba ni ule ule, njia ndiyo mpya.

Na msidhani kwamba bei zinashuka kwa huruma ya matajiri. Kumbukeni mwaka 2010. Kabla ya hapo, kampuni moja ilipopokea simu iliyotoka kwa nyingine ilidai shilingi 4.42 kwa dakika. Tume ya mawasiliano ikaikata ada hiyo nusu, ikawa 2.21. Mwezi wa Agosti mwaka huo Zain, ambayo sasa ni Airtel, ikashusha bei ya kupiga simu hadi shilingi 3 kwa dakika kwa mitandao yote, na wenzake wakalazimika kuifuata. Ada ile ya kupokeana simu iliendelea kukatwa, na Machi 2024 ilifika senti 41. Tena mwaka 2019 mwanasheria mmoja alipeleka mashtaka kupinga data iliyolipiwa kufutwa kwa sababu ya tarehe, na mwezi wa Oktoba mwaka ule ule Safaricom ilitoa bando zisizo na mwisho wa muda. Mnaona? Bei husogea pale anaposogea mdhibiti, mshindani au mlalamikaji. Mteja asiyetishia kuondoka hana anayemwogopa, kama vile mfanyakazi asiye na chama.

TATU, HESABU YA MEGABAITI

Adui yetu mkubwa katika jambo hili ni maneno mawili: “ishirini tu.” Wazee walisema akiba haiozi. Wazee hawakuona bando la siku moja, ambalo huoza saa sita za usiku likiwa bado limejaa.

Chukueni kalamu. Namba hizi ni za mfano, kwa kuwa bei hubadilika. Njia ya hesabu haibadiliki. Tuseme bando la siku ni shilingi 20 kwa megabaiti 200. Bando la mwezi ni shilingi 500 kwa megabaiti 4,000. Ukigawanya kwa haraka, la siku lakupa megabaiti 10 kwa shilingi, na la mwezi lakupa 8. Basi mtu asema la siku ni rahisi, na tangazo la ukutani lamwunga mkono.

Lakini mfanyakazi wa karakana hawezi kushika simu akiwa chini ya behewa. Kwa siku hutumia megabaiti 120, na 80 zaoza. Kwa mwezi amelipa shilingi 600 na kutumia megabaiti 3,600. Yaani kila shilingi imempa megabaiti 6 tu, si 10. Mwenzake aliyenunua la mwezi ametumia 3,600 zile zile kwa shilingi 500, naye amepata megabaiti 7.2 kwa kila shilingi, na bado zimebaki 400. Yule wa “ishirini tu” amepoteza shilingi 100 kwa mwezi, shilingi 1,200 kwa mwaka. Hiyo ni siku nzima ya jasho kwa wengi wetu, nayo imekwenda kununua hewa.

Kwa hiyo sheria ni hii: gawanya fedha kwa kile ulichotumia, usigawanye kwa kile ulichoahidiwa. Simu yako yenyewe ina mahali katika mipangilio paonyeshapo umetumia data kiasi gani kwa mwezi, na ni programu gani iliyokula. Tazama hapo kwanza, ndipo uende sokoni. Ukikuta watumia data siku nne tu kwa mwezi, siku zako za mapumziko, basi bando la siku ndilo lako, na la mwezi lingekupunja. Ukikuta watumia kidogo kidogo bila mpango, nunua lisilo na mwisho wa muda, ingawa megabaiti zake kwa shilingi huonekana chache. Kila mtu na kipimo chake. Koti la fundi wa reli halipimwi kwa mwili wa karani.

Watu wa zamu ya usiku wawe macho zaidi. Bando lingine huisha saa sita za usiku na lingine huisha baada ya saa 24. Yule anayeingia kazini saa mbili usiku akanunua lile la kwanza amenunua saa nne tu. Soma neno hilo kabla ya kubonyeza.

Tena zuia simu isile yenyewe. Funga WhatsApp isishushe picha na video zote za makundi bila ruhusa yako. Agiza programu zijisasishe penye waifai tu. Na bando likiisha, zima data upesi, kwa maana simu ikiachwa wazi hula salio la kawaida kwa bei ya juu, na mtu aamka asubuhi hana hata shilingi ya kumpigia mkewe.

NNE, MKOPO WA SALIO

Safaricom wana mkopo uitwao Okoa Jahazi, na wengine wana wa kwao. Ada yake ni sehemu moja ya kumi. Ukikopa 50 wapewa 45, na wadaiwa 50. Mtu aonaye ni shilingi 5 tu na akope mara kumi kwa mwezi, ametoa shilingi 50 kwa mwezi na 600 kwa mwaka, tena kwa mikopo ya siku chache chache. Hakuna chama chetu cha akiba kinachothubutu kudai ada ya namna hiyo. Jahazi laokolewa, nahodha azama.

Na serikali nayo haikosi fungu lake. Sheria ya Fedha ya 2023 ilishusha ushuru wa huduma za simu na data kutoka asilimia 20 hadi 15, na juu yake iko kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Kwa viwango hivyo, katika kila shilingi 100 unazoweka, karibu 25 ni kodi. Basi kumbuka kwamba hata zile megabaiti zilizooza umezilipia kodi.

TANO, KWA WALE WASEMAO “SINA MIA TANO”

Hili ndilo neno zito kuliko yote, na sitalidharau. Maskini hulipa zaidi kwa sababu hana fedha nyingi mara moja. Hununua sukari kwa kijiko, mafuta kwa kibaba na data kwa saa, na kila mara kipimo kidogo ndicho ghali. Makampuni yajua jambo hilo, ndiyo sababu vibanda vyao vimejaa vipimo vidogo.

Dawa yake twaijua tangu zamani: mchango wa zamu. Watu wanne wa genge moja, kila Ijumaa kila mmoja atoe shilingi 125. Hiyo ni shilingi 500, apewe mmoja anunue bando la mwezi. Ijumaa ya pili apewe mwingine, na baada ya siku 28 zamu yarudi kwa wa kwanza. Mtu aliyekuwa akinunua la ishirini kila siku alikuwa akitoa 140 kwa juma. Sasa atoa 125 na hana bando linalooza usiku. Hapahitajiki katiba wala mhasibu, pahitajika uaminifu wa watu wanne.

SITA, BEI NAFUU ISIYOSHIKA NI GHALI

Nawaonya pia dhidi ya kukimbilia bei ya chini kwa macho yaliyofungwa. Njia yetu ni ndefu. Mtandao unaoshika vizuri Nairobi si lazima ushike kwa mtu wa njia aliyeko porini kati ya Mtito Andei na Voi. Kabla ya kuweka bando la mwezi, weka laini mpya na bando dogo kwa juma moja, na uijaribu pale unapolala na pale unapofanya kazi. Uliza wenzako wa stesheni ile, si wenye duka.

Tena hakikisha kwamba simu yenyewe yaweza kusikia mawimbi ya kampuni hiyo. Faiba, kwa mfano, ilianza na masafa ya megahatsi 700 ya 4G peke yake, na kupiga simu kwake kwataka simu inayoweza kupitisha sauti ndani ya 4G. Simu yaweza kuwa huru kabisa na bado isifae. Ijaribu kwanza.

MWISHO, JEMBE LA MWAJIRI

Sasa narudi kwa wale wasemao si mambo ya chama. Zamani ratiba ya zamu ilibandikwa ukutani. Siku hizi sehemu nyingi hutumwa katika kundi la WhatsApp. Picha ya mtambo ulioharibika hupigwa kwa simu ya fundi na kupelekwa kwa msimamizi kwa data ya fundi. Mtu huitwa kazini usiku kwa simu yake. Asiyejibu huulizwa kwa nini. Basi nauliza: simu hiyo ni ya nani, na jembe la shamba hununuliwa na kibarua au na mwenye shamba?

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki na hali nzuri za kazi. Kifungu cha 46 chawapa wanunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili wafaidi kile wanachokilipia. Hizo ni silaha mbili, na zote zimewekwa kabatini.

Napendekeza kwa halmashauri ya tawi mambo matatu. Moja, katika mazungumzo yajayo ya mkataba wa pamoja, tudai posho ya simu kwa kila mfanyakazi anayetumiwa ratiba au kuitwa kazini kwa simu yake. Mbili, tudai waifai katika karakana na nyumba za mapumziko za madereva, ili mtu aliye mbali na nyumbani aone watoto wake bila kununua hewa. Tatu, kila mwanzo wa mwezi tawi libandike ubaoni karatasi yenye mistari mitatu kwa kila kampuni: fedha, megabaiti, na saa ya kuisha. Wanachama wenyewe wailete, kwa maana makampuni hayatatuandikia.

Esau aliuza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa bakuli moja la dengu kwa sababu siku ile alikuwa na njaa. Sisi tunayo simu huru, nafasi ya laini ya pili na akili ya kugawanya. Tusiviuze vyote kwa bando la saa moja.

Kila mmoja na afungue simu yake jioni ya leo, atazame alitumia nini mwezi uliopita, na alete namba zake katika mkutano wa tawi. Hapo ndipo tutakapojua jumla ya fedha zinazotoka karakana moja kwa mwezi mmoja, na tukiijua jumla hiyo tutakuwa na la kumwambia mwajiri na la kuyaambia makampuni.

Umoja wetu ndio nguvu yetu.

Ni mimi ndugu yenu,
Fundi wa Karakana ya Reli